Vina Vinavyochekesha

Mwaka 1846 Edward Lear, mchoraji wa Kiingereza, alichapisha *A Book of Nonsense*, kitabu cha vishairi na michoro ya vituko vya wazee na mabibi wa ajabu. Hakubuni yeye bahari hiyo inayoitwa leo limeriki, lakini ndiye aliyeieneza. Toleo hili la mashairi ya kuchekesha linaanzia hapo, kwa hoja moja: katika limeriki, mpangilio wa vina ndio unaotega kicheko.

Ubeti una mishororo mitano. Wa kwanza, wa pili na wa tano ni mirefu na ina kina kimoja. Wa tatu na wa nne ni mifupi na ina kina chake. Kwa herufi ni AABBA. Kielelezo hiki kimetungwa kwa ajili ya ukurasa huu:

Babu mmoja wa Tanga
Alimwajiri kipanga
Alinde banda;
Babu akenda,
Sasa hana kifaranga.

Mishororo miwili ya mwanzo inazoesha sikio *-nga*. Mifupi inaharakisha kisa na kuiweka kando sauti ile, hata msikilizaji akawa anaidai. Inaporudi, inarudi na msiba wa babu. Lear mwenyewe mara nyingi alifunga ubeti kwa neno lile lile lililomaliza mshororo wa kwanza. Kina kilitimia, ila mshangao ulipungua. Watunzi wa baadaye walitafuta neno jipya la kufungia, na limeriki ikapata makali.

Kuvitambua vina hivyo kunataka tahadhari. Mshairi wa Kiswahili, aliyelelewa na kanuni kama zile alizoziandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 katika *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, hutazama silabi ya mwisho. Kwake *banda* na *akenda* vimelingana. Kwa Kiingereza kina huanzia kwenye irabu ya mwisho yenye mkazo, na mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa kipimo hicho *-anda* na *-enda* havilingani. *Tanga*, *kipanga* na *kifaranga* vinapita kwa vipimo vyote viwili.

Tena jicho hudanganya. Mji wa Leicester hutamkwa kama “Lesta”, na watunzi wa Kiingereza hufanyia mzaha tofauti hiyo ya tahajia na matamshi. Anayewinda vina kwa kulinganisha herufi za mwisho atavikosa vilivyopo na kuhesabu visivyokuwapo.

Msomaji anaombwa asome kurasa zinazofuata kwa sauti, aandike A na B pembeni mwa kila mshororo, kisha atazame mshororo wa tano umeleta neno jipya au umerudia la zamani. Hapo ndipo amhukumu mtunzi.