Barua ya wazi kwa Waganga Wakuu wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa: wazee wapewe mazoezi, si vidonge peke yake

Waheshimiwa Waganga Wakuu,

Nawaandikia kuhusu magoti ya wazee wetu, kuanzia Nyaishozi hadi Murongo. Mzee ambaye magoti yake yamesagika mara nyingi hurudi nyumbani na vidonge vya diklofenaki na neno moja: pumzika. Dawa ina kazi yake, lakini ikimezwa miezi na miezi huumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Na kupumzika kupita kiasi ndiko kunakomwangusha. Msuli wa paja usipofanya kazi hunywea, goti likakosa wa kulishika, na siku anaposhuka shambani kwenye migomba udongo umelowa, mguu unamponyoka.

Huku kwetu ni vilima. Maji yako bondeni, nyumba iko juu, na njia ya chooni huteleza mvua zinapoanza Septemba. Tena wengi wa bibi zetu ndio nguzo za kaya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo wazee wa mkoa huu wamelea yatima wasiohesabika. Bibi akivunjika nyonga, jiko linazimika na wajukuu wanabaki bila mlezi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini kinga ipo. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2019, uliopitia majaribio 108, ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23. Yanayosaidia hasa ni yale ya kuuzoeza mwili kusimama imara.

Hayahitaji mashine. Mzee akae kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, asimame bila kujisukuma kwa mikono kama anaweza, akae tena polepole, arudie. Ashike nguzo ya baraza, ainue visigino, ashushe. Asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, ukuta ukiwa karibu na mtu pembeni. Mara tatu kwa wiki, bila kuacha. Maumivu kidogo yasimtishe. Yakidumu hadi kesho yake, apunguze. Goti lililovimba na kuwa la moto lionwe na daktari kwanza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua watu wa miaka 60 na zaidi kuwa wazee, na madirisha ya wazee yamewekwa hospitalini kwa ajili yao. Naomba dirisha hilo litoe na mazoezi, na kila mzee anayefika aulizwe: umeanguka mwaka huu? Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe mazoezi haya katika hospitali za Nyakahanga na Isingiro, kisha wayapeleke vijijini kupitia mabaraza ya wazee. SAWAKA, yaani Saidia Wazee Karagwe, nao washirikishwe. Shirika hilo lilianzishwa kwa ajili ya wazee hawa.

Gharama ni ndogo: mafunzo, nauli na viti. Iwekeni kwenye mpango wa afya wa halmashauri wa mwaka ujao, na anzeni na kata moja kila wilaya kabla ya mvua za Septemba.