Risala ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Dallas–Fort Worth na Houston kuhusu anwani za kutolea sarafu za kidijitali

Kwa Kamishna wa Idara ya Benki ya Texas, Austin, na kwa wakuu wa kampuni za kubadilisha sarafu za kidijitali zenye wateja Texas.

Mheshimiwa Kamishna, waheshimiwa wakuu wa kampuni,

Sisi ni Wakenya, Watanzania, Wakongo, Waganda, Warundi na Wanyarwanda tunaoishi Arlington, Irving, Fort Worth na Vickery Meadow, na wenzetu wa Alief, Katy na kusini-magharibi mwa Houston. Tunauguza wagonjwa, tunatunza wazee, tunaendesha malori, tunapanga mizigo maghalani. Kila mwisho wa mwezi kuna mtu nyumbani anayetutegemea: karo, dawa, kodi ya nyumba.

Zamani tulituma kupitia madirisha ya kampuni za kutuma fedha. Siku hizi wengi wetu hununua USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, kwenye soko la sarafu za kidijitali, kisha huituma kwenye pochi ya ndugu, au kwa muuzaji wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye hulipa shilingi kwa M-Pesa dakika ileile. Tangu Januari 2026, anayetuma fedha ng'ambo kwa noti taslimu hukatwa ushuru wa asilimia 1 wa serikali ya shirikisho, na hilo limewasukuma wengine zaidi kwenye njia hii. Hatukuja kubishana kama njia hii ni nzuri. Watu wetu wako humo tayari, na jasho lao liko humo.

Malalamiko yetu yanahusu kitu kimoja: orodha ya anwani zinazoaminika. Mteja akiiwasha, sarafu zake haziwezi kutoka isipokuwa kwenda kwenye anwani alizoziandikisha, na anwani mpya husubiri kwanza, saa 24 kwa kampuni nyingine, saa 48 kwa nyingine. Ni ulinzi mzuri, na tunawashukuru waliouweka. Benki ikitoa fedha bila idhini yako, sheria ya shirikisho ya mwaka 1978 kuhusu uhamishaji wa fedha kwa njia ya elektroniki inakupa pa kushika. Kwenye sarafu za kidijitali hakuna uhakika huo. Ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ilipendekeza Januari 2025 kwamba kinga hiyo ifike huku pia, ikaliondoa pendekezo lake Mei mwaka huohuo. Kwa hiyo ulinzi wote uko kabla ya sarafu kutoka. Zikishatoka, zimekwenda.

Na bado ulinzi huo, waheshimiwa wakuu wa kampuni, mmekuwa mkiuacha umezimwa. Mteja mpya hufungua akaunti, huweka picha ya kitambulisho, huunganisha benki, hununua, hutuma, na mara nyingi hakuna ukurasa unaomwambia kwamba orodha hiyo ipo. Imefichwa ndani ya mipangilio ya usalama. Anayeifahamu ni yule aliyekwisha kuibiwa, au rafiki yake.

Kibaya zaidi, kwa baadhi ya kampuni orodha huzimwa kwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Mwizi anayefaulu kuihamishia laini yako kwenye simu yake hupokea namba hiyo badala yako. Huo ni ufunguo ulioachwa ukining'inia kwenye kufuli lake. Wizi wa laini si jambo geni: Januari 2018 mwekezaji Michael Terpin alipoteza sarafu za dola milioni 24 kwa njia hiyo, akaishtaki kampuni ya simu. Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho ilipitisha kanuni dhidi ya wizi huo Novemba 2023. Kampuni ya AT&T ilileta kufuli la akaunti Julai 2025, linalomwezesha mteja kuzuia mabadiliko ya laini. Kama kampuni ya simu imeweza kumpa mteja wake kufuli, anayehifadhi akiba ya mtu ana udhuru gani?

Dada yetu mmoja wa Houston, anayefanya kazi zamu ya usiku, alikuta asubuhi simu yake haina mtandao. Akadhani ni bili. Alipofika kwenye duka la kampuni ya simu, anwani asiyoijua ilikuwa imeandikishwa, ikatumiwa, na akaunti ikabaki tupu. Kampuni ilimjibu kwa ujumbe wa mashine kwamba muamala ulithibitishwa ipasavyo. Hatutaji kampuni hiyo hapa, kwa sababu tunachokilalamikia ni utaratibu, na utaratibu huo unatumika kwingi.

Kuna pia wanaopiga simu. Mei 2025 kampuni ya kubadilisha sarafu ya Coinbase yenyewe ilitangaza kwamba wafanyakazi wa huduma kwa wateja walioko nje ya Marekani walihongwa wakatoa taarifa za wateja 69,461: majina, anwani za nyumbani, namba za simu, tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Mtu mwenye taarifa hizo akikupigia, akakutajia jina lako lote, mtaa wako na tarakimu zako, kisha akakuambia uandikishe haraka anwani ya "pochi salama", mzee wetu wa miaka 65 atamkatalia vipi? Kinachoweza kumwokoa ni muda wa kusubiri, na onyo analolielewa. Maonyo hayo huja kwa Kiingereza cha wanasheria. Lingala na Kiswahili ndizo lugha za nyumba nyingi za Wakongo wa Fort Worth, na Kiswahili kinaandikwa kwa herufi zilezile za Kiingereza. Hakuna kikwazo cha kiufundi.

Tunaongeza jambo ambalo watu wetu hawalijui vya kutosha. Mwizi hutengeneza anwani ambayo herufi za mwanzo na za mwisho ni sawa na za anwani unayoitumia, kisha anakutumia senti chache ili anwani yake ionekane kwenye historia yako. Wewe unakopi kutoka historia. Mei 2024 mtu mmoja alipoteza hivyo sarafu za takriban dola milioni 68 kwa muamala mmoja. Sehemu kubwa alirudishiwa na mwizi baada ya mazungumzo. Sisi haturudishiwi. Kampuni zinazoonyesha herufi nne za mwanzo na nne za mwisho tu humsaidia mwizi huyu.

Sasa tuseme kwa nini orodha, hata ikiwashwa, huzimwa na watu wetu wenyewe. Muuzaji wa Nairobi hubadilisha anwani kila mara. Leo ni hii, wiki ijayo ni nyingine, na kila mpya inangoja siku mbili. Halafu kuna msiba. Mwenzetu akifariki Dallas, mwili unapelekwa nyumbani, michango inakusanywa kwa chama, na familia Kisumu au Bukavu inahitaji fedha leo. Mweka hazina anazikuta saa 48 mbele yake, anaizima orodha, na anasahau kuiwasha. Tumeliona hili mara nyingi. Hata hivyo hatuombi muda wa kusubiri ufutwe. Msiba ndio wakati ambao mwizi hutuvizia, kwa sababu majina ya wafiwa na namba za michango zimesambaa kwenye kila kundi la WhatsApp.

Tunachodai ni hiki. Orodha iwashwe tangu siku akaunti inapofunguliwa, na anayetaka kuizima asubiri muda uleule anaosubiri anayeongeza anwani. Ujumbe wa simu peke yake usitoshe kuigusa. Anwani ionyeshwe yote, pamoja na mtandao wake, maana USDT ya mtandao wa Tron na ya mtandao wa Ethereum haziendi kwenye anwani moja, na ipewe jina ambalo mteja atalichagua badala ya kukopi. Akaunti za vyama na vikundi ziruhusiwe kudai idhini ya watu wawili kwa kila anwani mpya. Maonyo yaje kwa Kiswahili. Na pawe na kitufe cha kusimamisha kila utoaji papo hapo, kikifuatiwa na sauti ya binadamu.

Kwako, Mheshimiwa Kamishna: baada ya kampuni ya kubadilisha sarafu ya FTX kuanguka Novemba 2022, Texas ilitunga sheria iliyoanza 1 Septemba 2023, inayozilazimisha kampuni zenye wateja zaidi ya 500 katika jimbo, au fedha za wateja za dola milioni 10 na zaidi, zisichanganye mali ya wateja na ya kwao. Sheria hiyo ilimlinda mteja dhidi ya kampuni. Haikumlinda dhidi ya mlango ulio wazi. Tunaomba idara yako itoe mwongozo kuhusu anwani za kutolea, na pale mamlaka yako yanapoishia, ulifikishe jambo hili kwa Bunge la Texas litakapokutana Januari 2027.

Kwa ndugu zetu tutakaowasomea risala hii makanisani, misikitini na vikaoni: msingoje majibu. Washeni orodha leo. Andikisheni pochi ya mama au ya kaka yenu wenyewe, si ya dalali, na mfanye hivyo wakati hakuna dharura. Jaribuni kwa dola tano kwanza. Ondoeni uthibitisho wa ujumbe wa simu, tumieni programu ya uthibitisho au ufunguo wa usalama. Anayekupigia akikuharakisha kuandikisha anwani, kata simu.

Mheshimiwa Kamishna, waheshimiwa wakuu, tunaomba majibu yenu kwa maandishi, na tuko tayari kuja Austin kuyazungumza. Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wazungumzaji wa Kiswahili wa Dallas–Fort Worth na Houston.