Lame iko sokoni, kidole hakiko

Kila mutu wa Lubumbashi anajua namna umeme inatuchezea. Katika atelier nyingi za mbao, mafundi wanageuza musumeno wa umeme chini-juu, wanaukaza chini ya meza, kisha wanafunga gachette na kipande cha mupira ili mashini izunguke bila kushikwa. Umeme ikikatika, fundi anatoka inje kuzungumuza. Ikirudi, lame, ile sahani ya meno, inaanza kuzunguka yenyewe, mara 5.000 hivi kwa dakika. Kama kijana wa kazi alikuwa anapangusa vumbi pale juu, nani atajibu?

Sisi tunasema wazi: hiyo si ufundi, ni kuchezea vidole vya watoto wa watu. Mwenye anataka meza aweke bouton ya kweli, ile yenye kubakia imezimika hata umeme ikirudi. Na siku ya délestage, kwanza kuchomoa fiche, kisha njo mazungumuzo.

Majibu ya ma-patron tunayajua. Kwamba kifuniko cha lame kinaficha mustari. Kwamba kazi iko mingi na client anangoja. Lakini kile kifuniko kiliwekwa pale juu lame haichagulaki kati ya mbao na nyama. Mwenye kukiondoa anapata dakika mbili kwa siku, na siku moja analipa na mukono.

Kuko na ingine mubaya zaidi: kufunga lame ya mbao kwa meuleuse. Meuleuse ndogo inazunguka mara 11.000 hivi kwa dakika, karibu mara mbili ya musumeno. Kila lame nzuri inaandikwa mwendo wake wa mwisho. Ukiupita, jino linaweza kutoka na kuruka sawa risasi.

Wandugu mafundi, lame yenyewe inaomba matunzo. Yenye imepoteza makali inachoma mbao, inatoa moshi, na mutu anaanza kusukuma na nguvu. Pale njo mashini inamurukia. Basi chomoeni fiche mbele ya kuigusa. Angalieni kila jino. Yenye iko na ufa musiipeleke kwa soudeur, muitupe. Pangusani utomvu wenye umegandamana. Lame ipite chini ya mbao kidogo tu, urefu wa jino moja. Mbao za coffrage, tosheni misumari kwanza. Kipande kidogo kisukumwe na kijiti, hapana na kidole. Miwani kwa macho ni lazima, lakini mikono mirefu ya shati na gants vikae mbali: lame ikivishika, inavuta na mukono.

Sheria iko. Code du travail ya 2002 inamulazimisha patron kulinda afya na usalama wa mutumikishi wake, na mutoto mwenye hajatimiza miaka 18 haruhusiwe kazi ya hatari. Inspection du travail ipite basi mu atelier za mitaa pia, isibakie tu kwa makampuni makubwa.

Na sisi wateja tujiangalie. Tunaomba kitanda cha ndoa kwa siku mbili, tunapunguza bei mpaka fundi anakosa ya kununua lame mupya. Haraka yetu iko ndani ya ile ajali.

Lame ikivunjika, kuko ingine dukani. Kidole, hapana.