Ushanga wa Masaa Mawili

Katika mkutano wa chama chetu, ndugu yetu mmoja aliyerudi kutoka Italia alitoa mfukoni shanga tatu za kioo, akaziweka juu ya meza mbele ya wazee. Alizitengeneza mwenyewe huko Venezia, katikati ya matembezi: asubuhi kupanda mashua na kupiga picha za madaraja, mchana kuingia atelie, jioni kurudi hoteli na karatasi yenye jina lake. "Nilijifunza kazi ya babu zao kwa masaa mawili," akasema. "Banatuonesha, tunafanya, tunalipa. Sasa juu ya nini sisi hatufanye vile?" Wengi walipiga makofi. Ikapendekezwa kwamba wageni wanaofika Lubumbashi nao wafunzwe kugonga shaba kwa masaa mawili, wapewe karatasi, na feza iingie katika sanduku la chama.

Sisi hatukupiga makofi. Siku ile tulinyamaza kwa kuheshimu wakubwa. Leo tunaandika.

Kwanza tumpe ndugu yetu haki yake. Hakusema uongo. Kazi aliyoionja ni nzuri: unashika fimbo nyembamba ya kioo cha rangi, unaiingiza katika ulimi wa moto, na kioo kikilainika sawa asali unakizungusha juu ya waya wa chuma uliopakwa udongo. Mkono ukisimama kidogo tu, ushanga unashuka upande mmoja kama tumbo la mlevi. Ukiisha kuutengeneza huuchukui palepale, maana lazima upoe polepole, la sivyo utapasuka wenyewe. Yeye mwenyewe alitueleza kwamba kwa ushanga wa kwanza na wa pili fundi alimshika mkono. Basi zile shanga tatu ni za nani?

Lakini ile atelie haikusimama peke yake. Mwaka 1291 watawala wa Venezia waliamuru matanuru ya kioo yahamishwe katika kisiwa cha Murano, juu ya kuogopa moto katika mji wenye nyumba nyingi za mbao. Tangu hapo, miaka zaidi ya 700, kisiwa kile kinaishi na kioo. Zamani fundi aliyetoroka na siri ya kazi alihesabiwa msaliti. Mwaka 1861 makumbusho ya kioo yalianzishwa hukohuko kisiwani, na mwaka uliofuata shule ya kuchora kwa ajili ya wafanyakazi wa kioo. Mwaka 1994 jimbo la Veneto likatunga sheria ya alama ya kioo cha Murano, kwa sababu vitu vya bei ndogo vya kutoka nje vilikuwa vinauzwa kwa jina lao. Mwaka 2020 UNESCO ikaandika kazi ya shanga za kioo, kwa ombi la Italia na Ufaransa, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kijana wa kule hapati jina la fundi kwa mchana mmoja. Analeta, anafagia, anatazama, anaunguzwa vidole, na miaka inapita. Mtalii anaonyeshwa dirisha. Nyumba iko nyuma yake.

Na hata nyumba ile inatikisika, jambo ambalo ndugu yetu hakulitaja. Katika mji wa zamani wa Venezia walikaa watu kama 175,000 mwaka 1951; mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Watalii wanajaa, wenyeji wanahama. Mwaka 2021 bei ya gesi ilipopanda, matanuru kadhaa ya Murano yalizimwa, na makundi yote ya watalii hayakutosha kuyawasha. Kama feza ya mgeni ingekuwa dawa ya kuponya ufundi, Venezia ingekuwa imepona zamani sana.

Tena sisi tusijifanye wageni wa shanga zile. Katika karne ya 19 zilipakiwa merikebuni, zikafika Zanzibar, zikabebwa vichwani mwa wapagazi hadi kwetu. Burton na Stanley waliandika jinsi kila nchi ilivyotaka rangi yake, na msafara uliokosea rangi ulilala njaa mbele ya soko lililojaa chakula. Nyekundu iliitwa samesame. Kule Venezia wanawake maskini walikaa mlangoni wakitunga shanga kwa sindano nyingi kwa wakati mmoja, kwa mshahara wa kuchekesha. Huku upande wetu shanga hizo zilinunua pembe za ndovu, na watu pia. Yule aliyezitunga na yule aliyeuzwa kwazo hawakujuana kamwe. Mwongoza watalii hasemi maneno hayo, na hatumlaumu, hayo si ya likizo.

Ila Waluba walizifanyia kitu kingine. Wazee wa Mbudye walizipigilia juu ya kibao cha lukasa, ushanga mkubwa katikati na midogo kuuzunguka, huyo ni mfalme na watu wake. Mzee alipitisha kidole juu ya kibao akasoma majina ya wafalme, mahali pa enzi, njia za wahenga. Ushanga wa kigeni ukawa kitabu. Ulikuwaje kitabu? Kwa sababu kabla ya kukigusa mtu aliingizwa katika Mbudye, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Hakuna aliyepewa lukasa akiwa njiani kwenda hoteli.

Shaba yetu ni vilevile. Kabla Union Minière haijaundwa mwaka 1906, wala-shaba waliyeyusha malakiti wakati wa kiangazi katika tanuru za udongo wa kichuguu, na kazi ilikuwa na miiko yake na wakubwa wake. Monseigneur de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926. Leo wajukuu wao wananunua bamba lililokwisha kutengenezwa, wanaligonga sura ya tembo au ya mwanamke mwenye mtungi, wanauza. Hatuwacheki, wanalisha watoto. Tunauliza tu: nani anajifunza kwao?

Hapo lawama inarudi kwetu walimu. Saa ya kazi za mikono iko katika programu. Tunaifanya nini? Wanafunzi wanafyeka majani ya uwanja, au wanalima shamba la mkubwa fulani. Mwisho wa mwaka tunadai kila mtoto alete ufagio au kikapu, mama anakinunua sokoni, nasi tunakipa alama 7 juu ya 10. Sisi wenyewe tumefanya hivyo, tukiwa na diploma mfukoni. Tumempa maksi mama muuza vikapu bila kumjua jina.

Kwa hiyo tunapinga mpango ule, si kwa sababu wageni ni wabaya, bali kwa sababu tunataka kufungua dirisha bila kujenga nyumba. Kama chama kina feza ya kuchapa karatasi za watalii, iko nayo pia ya kununua nyundo tatu na makala ya mwaka mzima, na kuweka watoto watatu wa mtaa mbele ya fundi mmoja. Huyo mgeni akija, awakute kazini. Akae pembeni, alipe, ajaribu, atuchekeshe.

Kabla ya kuandika tulikwenda kwa fundi mmoja mzee wa shaba, tukamwuliza kama anaweza kumfundisha muzungu kwa masaa mawili. Alikuwa ametoa bamba motoni, alichovya majini, akaanza tena kuligonga, kwa kuwa shaba ikigongwa sana inakaza na lazima irudishwe motoni mara nyingi. Hakuinua kichwa. "Masaa mawili?" akasema. "Ile ni ya kuwasha mbabula." Kisha akauliza watoto wenyewe watakuja siku gani. Hatukuwa na jibu, na mkutano wa chama uko mwisho wa mwezi huu.