Mbolea ya minyoo: Inafaa sukuma za gunia, si eka nzima ya mahindi

Mwaka 2022 gunia la kilo 50 la DAP lilipita Sh6,000. Machi 2024 ikaja kashfa ya mbolea feki ndani ya mpango wa ruzuku wa serikali. Baada ya hapo, si ajabu Wakenya wengi wameanza kutafuta njia nyingine, na matangazo ya mbolea ya minyoo hayaishi mitandaoni.

Mbolea yenyewe ni nzuri. Ni kinyesi cha nyungunyungu wekundu, wale wembamba wa kwenye takataka zinazooza. Inasaidia udongo kushika maji, inatoa virutubisho polepole na haichomi mizizi. Kwa gunia la sukuma au vyungu vya maua, changanya sehemu moja kwa nne za udongo. Kwa nyasi za uani, nyunyiza tabaka jembamba kisha mwagilia. Basi.

Shida ni pale muuzaji anapokuambia uachane kabisa na DAP. Hebu tupige hesabu. Gunia moja la DAP lina naitrojeni asilimia 18, yaani kilo 9. Mbolea ya minyoo huwa na asilimia 1 hadi 2 hivi. Hata tukichukua 2, utahitaji kilo 450 kupata zile kilo 9, na kwa fosforasi pengo ni kubwa zaidi. Uliza bei ya kilo moja, zidisha mara 450, ongeza na nauli ya pikapu. Mkulima wa eka moja akiamini tangazo, anavuna hasara.

Njia rahisi ni kufuga mwenyewe: ndoo yenye matobo, magazeti yaliyolowa, maganda ya ndizi na mabaki ya mboga. Nyama, mafuta, ndimu na pilipili, hapana. Weka kivulini, na uchunge siafu, wanaweza kumaliza ufugaji wako usiku mmoja. Baada ya miezi mitatu hivi unavuna.

Kwa nini basi haiuzwi kwa bei nafuu na kwa wingi? Angalia pipa lako. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni za kuoza, chakula tosha cha minyoo. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka zitenganishwe na nyingine. Lakini mitaa mingi kila kitu bado kinaingia mfuko mmoja, chupa na nepi pamoja, na kuishia Dandora, jalala lililotangazwa kujaa tangu 2001. Kuchambua uchafu huo baadaye ni gharama, na gharama hiyo anailipa mnunuzi.

Ukinunua, nusa kwanza. Iliyoiva inanukia kama udongo baada ya mvua. Ikinuka uvundo, mrudishie. Na kama ni magunia mengi, dai karatasi ya vipimo vya maabara kabla hujatuma M-Pesa.