Brauni Kavu Ni Dharau

Tusidanganyane: brauni ikikauka, hiyo ni keki ya rangi ya kahawia tu. Na bado tunauziwa mikahawani kwa bei ya juu, kana kwamba nyumbani haiwezekani. Eti huna oveni? Wacha hizo. Mama zetu wameoka keki kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na sherehe zikafana.

Siri ni hii: siagi na chokoleti kwa wingi, unga kidogo. Sukari usiibanie, ndiyo hushika unyevu. Epua wakati kijiti kinatoka na chembe mbichi mbichi. Kikitoka kikavu, umechelewa.

Anayekwambia kuoka ni mambo ya watu wa Westlands anakuuzia woga. Usinunue.