Tatuu ikififia, wino huenda wapi?

Ukifika Rondo, mkoani Lindi, huenda ukakutana na mzee mwenye chale usoni. Zilipopakwa mkaa zilikuwa nyeusi. Leo zinaonekana za bluu. Mkaa haukubadilika: unautazama kupitia ngozi, nayo hubadili mwanga.

Chembe za rangi humezwa na seli za ulinzi chini ya ngozi. Seli ikifa, nyingine huzimeza tena, ndiyo maana mchoro hudumu. Lakini baadhi ya chembe husafiri hadi kwenye tezi za limfu. Rangi za kisasa, kama nyekundu na njano, huvunjwavunjwa pia na jua.

Kwa hiyo, tatuu iliyofifia haina maana kwamba wino umetoka mwilini. Januari 2022, Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia maelfu ya kemikali kwenye wino huo.

Mzazi, mwanao akitaka tatuu, usiishie kumgombeza. Mweleze haya, na kwamba sindano ya kuchangia huambukiza VVU na homa ya ini.

Wewe uliye nayo, kufifia si ugonjwa. Ukiona uvimbe, usaha, mwasho usiokoma au doa linalokua ndani ya mchoro, nenda kituo cha afya. Usijichubue kwa dawa za mtaani.